Shajara ya mradi: kutambua na kuhesabu namba tasa zisizozidi milioni moja

Ingizo la kwanza: mipaka ya kazi

Mradi huu una zana mbili ambazo nimeamua kuzitenga tangu mwanzo. Ya kwanza ni kitambuzi, ambacho hupewa namba moja na kujibu kama namba hiyo ni tasa au si tasa. Ya pili ni kihesabu, ambacho hupewa ukomo, tuseme 10,000, na kutaja idadi ya namba tasa zilizopo hadi hapo. Mara nyingi zana hizi huunganishwa, kwa kuwa aliye na kitambuzi anaweza kupitia namba moja baada ya nyingine na kuongeza hesabu kila anapopata jibu la ndiyo. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ina udhaifu: kosa lolote lililojificha ndani ya kitambuzi huhamia kwenye hesabu bila kuonekana, na hesabu haiwezi kukisuta kitambuzi kwa sababu imezaliwa nacho. Ninachotaka ni kufika milioni moja nikiwa na majibu yaliyopatikana kwa njia zisizotegemeana, ili kila moja iwe shahidi wa nyingine.

Maana inayotumika ni ile ya kawaida: namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ambayo haina kigawo kingine isipokuwa 1 na yenyewe. Sharti la kuwa kubwa kuliko 1 si pambo. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 inaweza kuandikwa kama zao la namba tasa kwa namna moja tu, mpangilio ukiachwa kando, kama vile 60 ilivyo 2 × 2 × 3 × 5. Laiti 1 ingehesabiwa kuwa tasa, tungeweza kuongeza 1 mbele ya zao hilo mara nyingi tupendavyo, na upekee huo ungevunjika. Hata hivyo, makubaliano haya hayakuwa ya wote siku zote. Orodha kubwa ya D. N. Lehmer iliyochapishwa mwaka 1914, inayofika hadi 10,006,721, inaianza safu yake kwa 1, kwa hiyo anayelinganisha hesabu zake na orodha ya namna hiyo hana budi kukumbuka tofauti ya moja. Kwa upande wa programu, sifuri, moja na namba zote hasi zinapata jibu la "si tasa" kabla ya hesabu yoyote kuanza, na 2, ambayo ndiyo tasa pekee iliyo shufwa, inashughulikiwa peke yake.

Ingizo la pili: kitambuzi cha kugawanya

Kitambuzi cha kwanza kinagawanya tu. Kinaichukua namba, kinaijaribu kwa 2, kisha 3, na kuendelea, na kinaacha pale kigawo kinachojaribiwa kinapopita kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Sababu ya kuacha hapo ni kwamba vigawo huja wawili wawili: ikiwa namba ni zao la namba mbili, haiwezekani zote mbili ziwe kubwa kuliko kipeuo chake cha pili, kwa kuwa zao lao lingeizidi namba hiyo. Kwa 221, kipeuo cha pili ni chini kidogo ya 15, na jaribio la 13 linatosha kufichua kwamba ni 13 × 17.

Katika kuandika sharti la kuacha, nimechagua kulinganisha kigawo kilichozidishwa kwa chenyewe na namba inayochunguzwa, badala ya kutafuta kipeuo. Kompyuta hukitoa kipeuo kama desimali, na desimali hukadiriwa. Kwenye namba ndogo hatari hiyo ni ndogo, lakini kuzidisha namba nzima hakuna shaka yoyote, na gharama yake haitofautiani sana. Alama ya usawa katika sharti hilo ina uzito kuliko inavyoonekana. Ikiondolewa, 9, 25, 49, 121 na kila kipeo cha pili cha namba tasa hadi 994,009, ambayo ni 997 × 997, zitapita kama tasa, ilhali namba nyingine zote zitajibiwa sawasawa. Kwa hiyo namba hizo 168 zimewekwa katika majaribio ya kudumu, pamoja na zile zinazodanganya jicho: 51, 57, 87, 91, 119, 133, 323 na 1,001. Nyingi kati ya hizi hazianguki kwa 2 wala 5, na ndiyo maana mtu anayezipitia haraka huzipa hadhi zisiyostahili.

Gharama ya kitambuzi hiki inapimika kwa urahisi kwenye 999,983, ambayo ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizo chini ya milioni. Tukigawanya kwa 2 na kwa kila namba witiri hadi 999, tunafanya mara 500. Tukitumia ukweli kwamba kila tasa iliyo kubwa kuliko 3 ikigawanywa kwa 6 hubaki 1 au 5, tukabaki na 2, 3 na namba za aina hiyo tu, mara hizo zinapungua hadi 334. Tukiwa tayari na orodha ya namba tasa zilizo chini ya 1,000, zinatosha mara 168. Faida hizi zinaonekana kwenye namba tasa zenyewe na kwenye zile zilizoundwa na vigawo vikubwa, kwa sababu namba nyingi zisizo tasa huanguka mapema: katika kila namba 210 zinazofuatana, ni 48 tu zisizogawanyika kwa 2, 3, 5 wala 7. Zaidi ya robo tatu ya namba zote huondoka katika majaribio manne ya kwanza, na kazi nzito hubebwa kwa ajili ya wachache waliobaki.

Nimekipitisha kitambuzi kwenye namba zote hadi 100 na kusoma matokeo moja baada ya nyingine. Zimetoka 25, kutoka 2 hadi 97.

Ingizo la tatu: chekeche

Kugawanya kunafaa kwa namba moja. Kwa namba zote kwa pamoja, njia bora ni ile inayohusishwa na Eratosthenes, mtaalamu wa karne ya tatu kabla ya Kristo aliyesimamia maktaba ya Aleksandria. Chekeche lake haligawanyi kabisa. Linaandika namba zote kuanzia 2 hadi ukomo, linaichukua ya kwanza ambayo haijafutwa, linaitangaza kuwa tasa, kisha linafuta vigawe vyake vyote. Linarudia hivyo kwa inayofuata, na kinachobaki mwishoni ni namba tasa zote. Ni utaratibu wa kujumlisha tu, kwa kuwa kigawe kinachofuata hupatikana kwa kuongeza ile ile namba kwenye kigawe kilichotangulia.

Ufutaji wa vigawe vya namba tasa unaanza kwenye kipeo chake cha pili, kwa sababu vigawe vidogo zaidi vina kigawo kidogo zaidi na vilishafutwa. Vigawe vya 7, kwa mfano, vinaanzia 49. 14, 21, 28, 35 na 42 zilikwisha kuondolewa na 2, 3 na 5. Kutokana na hilo, chekeche la kufika 100 linahitaji namba tasa nne tu, kwa kuwa ya tano, 11, ingeanzia 121. Chekeche la kufika milioni linaishia 997. Tasa inayofuata ni 1,009, na kipeo chake cha pili ni 1,018,081.

Namba shufwa zimeachwa nje kabisa ya kumbukumbu. Safu ina nafasi 500,000, na nafasi ya *i*, tukianza kuhesabu nafasi kwa sifuri, inawakilisha namba 2*i* + 1. Hapa pana jambo ambalo nimeliwazia kwa muda. Nafasi ya sifuri inawakilisha 1, ambayo si tasa, na 2 haina nafasi. Waandishi wengine wa programu huiacha nafasi ya sifuri ikiwa na alama ya ndiyo ili isimame badala ya 2, na idadi inatoka sahihi bila kuongeza lolote. Sikubaliani na ujanja huo. Safu inayotoa idadi sahihi huku ikidai kwamba 1 ni tasa ni safu inayosema ukweli kwa kihesabu na kukiongopea kitambuzi, na siku mtu atakapoisoma kwa kazi nyingine, uongo huo utajitokeza. Nafasi ya sifuri imefutwa, na kihesabu kinaongeza 1 kwa ajili ya 2 pale ukomo unapofika 2 au zaidi.

Ingewezekana kubana kumbukumbu zaidi. Katika kila namba 30 zinazofuatana, ni nane tu zisizogawanyika kwa 2, 3 wala 5, yaani zile ambazo zikigawanywa kwa 30 hubaki 1, 7, 11, 13, 17, 19, 23 au 29. Nane ni idadi ya biti katika baiti moja, kwa hiyo baiti moja inatosha kwa namba 30, na milioni nzima inaingia katika baiti 33,334. Mpango huo unapendeza, lakini unaifanya kanuni ya kutafuta nafasi iwe ngumu kusoma, na kwa ukomo huu mdogo hauleti faida inayolingana na ugumu wake. Umeahirishwa.

Kazi ya chekeche hukua polepole kuliko inavyodhaniwa. Idadi ya ufutaji hulingana takriban na ukomo uliozidishwa kwa logi asilia ya logi asilia ya ukomo huo, na kiasi hicho cha pili ni karibu 2.6 kwa milioni na karibu 3.0 kwa bilioni. Ukomo ukikua mara elfu, mzigo wa kila namba moja unaongezeka kidogo sana.

Ingizo la nne: idadi zenyewe

Chekeche limetoa matokeo haya: namba tasa 4 hadi 10; 25 hadi 100; 168 hadi 1,000; 1,229 hadi 10,000; 9,592 hadi 100,000; na 78,498 hadi 1,000,000. Ya mwisho katika kila ngazi ni 7, 97, 997, 9,973, 99,991 na 999,983.

Jumla hizi zinaonyesha kupungua kwa utulivu, lakini mtu akizigawa katika vipande vidogo, utulivu huo unatoweka. Ndani ya elfu ya kwanza, idadi katika kila mia ni 25, 21, 16, 16, 17, 14, 16, 14, 15 na 14. Mia ya tano ina tasa nyingi kuliko ya tatu na ya nne, na ya saba inarudi pale ilipokuwa ya nne. Tukipanda ngazi moja na kuhesabu kwa kila elfu hadi 10,000, tunapata 168, 135, 127, 120, 119, 114, 117, 107, 110 na 112. Elfu tatu za mwisho hata zinapanda kwa kufuatana. Gauss, alipokuwa bado kijana katika miaka ya 1790, alijenga mazoea ya kuhesabu namba tasa kwa vipande vya elfu, na nadhani ukubwa huo wa kipande aliuchagua vizuri: kwa mia moja moja kelele ni nyingi mno kuuona mwelekeo, na kwa laki moja moja mwelekeo unaonekana lakini tabia ya namba zenyewe imefichika.

Mianya nayo inastahili kuandikwa. Baada ya 113, tasa inayofuata ni 127. Baada ya 887 ni 907. Na baada ya 1,327 hakuna nyingine hadi 1,361, yaani namba 33 mfululizo ambazo hakuna hata moja iliyo tasa. Mianya hii imewekwa kwenye majaribio, kwa kuwa programu inayotafuta "tasa inayofuata" kwa kuchungulia umbali uliopangwa mapema hukwama mahali kama hapa.

Ingizo la tano: idadi sahihi si ushahidi wa orodha sahihi

Idadi ya 25 hadi 100 inajulikana na wote, na programu nyingi huthibitishwa kwa kuilinganisha nayo tu. Ulinganisho huo ni dhaifu. Orodha iliyoisahau 2 na kuipokea 1 ina namba 25 vilevile. Orodha iliyoipoteza 89 na kuikubali 91 ina namba 25 pia. Makosa mawili yanayofutana hayaonekani kwenye idadi.

Ndiyo maana nimeongeza kipimo cha jumla: namba tasa zote hadi ukomo zijumlishwe, na jumla hiyo ihifadhiwe pamoja na idadi. Hadi 100 jumla ni 1,060. Hadi 1,000 ni 76,127. Hadi 10,000 ni 5,736,396. Hadi 100,000 ni 454,396,537. Na hadi milioni ni 37,550,402,023. Orodha ya kwanza niliyoitaja hapo juu ingetoa 1,059, na ya pili 1,062, na zote mbili zingenaswa. Bado inawezekana kutunga makosa yanayofutana katika idadi na jumla kwa wakati mmoja, lakini hayo yanahitaji kupangwa. Hayatokei kirahisi kwa bahati.

Jumla ina kipimo chake kidogo cha ndani ambacho hakigharimu chochote. Kwa kuwa namba tasa zote ni witiri isipokuwa 2, idadi ikiwa witiri jumla lazima iwe shufwa, na idadi ikiwa shufwa jumla lazima iwe witiri. Hizo 25 zinakwenda na 1,060, hizo 168 zinakwenda na 76,127, na ngazi tatu zilizobaki zinatii vilevile. Tahadhari ni ya kumbukumbu: jumla ya hadi 100,000 inaingia katika namba ya biti 32, ila ya hadi milioni inazidi mara nyingi ukomo wa 4,294,967,296, kwa hiyo hapo hutumiwa biti 64. Programu isiyozingatia hilo itafaulu majaribio yote madogo na kuanguka kwenye la mwisho.

Ingizo la sita: kuhesabu bila kuorodhesha

Hii ndiyo sehemu ya mradi niliyoisubiri zaidi. Adrien-Marie Legendre alionyesha kwamba idadi ya namba tasa hadi ukomo fulani inaweza kupatikana bila kuzitafuta zilizo juu ya kipeuo chake cha pili. Kwa 100, tunahitaji kuzijua 2, 3, 5 na 7 pekee. Tunaanza na namba zote 100. Tunatoa vigawe vya 2, ambavyo ni 50, vya 3, ambavyo ni 33, vya 5, ambavyo ni 20, na vya 7, ambavyo ni 14. Jumla yake ni 117, na tumeshatoa kupita kiasi, kwa sababu namba kama 6 imetolewa mara mbili. Tunarudisha basi vigawe vya mazao ya mbili mbili: vya 6 ni 16, vya 10 ni 10, vya 14 ni 7, vya 15 ni 6, vya 21 ni 4 na vya 35 ni 2, jumla 45. Sasa vigawe vya mazao ya tatu tatu vimerudishwa kupita kiasi, kwa hiyo tunavitoa: vya 30 ni 3, vya 42 ni 2, vya 70 ni 1, na vya 105 hakuna. Zao la zote nne, 210, linazidi 100. Tunapata 100 − 117 + 45 − 6, ambayo ni 22. Hizi 22 ni namba zisizogawanyika kwa 2, 3, 5 wala 7, nazo ni 1 pamoja na namba tasa zote kati ya 10 na 100. Tunaondoa 1, tunaongeza zile nne tulizoanza nazo, na jibu ni 25.

Kinachonivutia katika hesabu hii ni kwamba hakuna mahali popote ambapo 53 au 71 au 97 imetajwa. Zimehesabiwa bila kuonekana. Hii ndiyo njia isiyotegemea orodha niliyoihitaji, kwa kuwa kosa katika chekeche kwenye namba iliyo juu ya 1,000 haliwezi kuigusa.

Kwa milioni, namba tasa za kuanzia ni 168, na mtu akiandika kila zao linalowezekana atapata orodha isiyowezekana. Lakini mazao yanayozidi ukomo hayachangii kitu, kwa hiyo yanakatwa mapema. Programu inatumia kanuni ya kujirudia: idadi ya namba hadi *x* zisizogawanyika kwa namba tasa *a* za kwanza ni sawa na idadi hiyo kwa *a* − 1, ukitoa idadi ya *a* − 1 kwa ukomo wa *x* uliogawanywa kwa tasa ya *a*, sehemu nzima tu ikichukuliwa. Ikiandikwa hivyo, inachukua mistari michache. Jibu lililotoka ni 78,498, sawa na la chekeche.

Historia ya njia hii inaeleza kwa nini mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja. Ernst Meissel aliiboresha na mwaka 1870 akatoa idadi ya namba tasa hadi milioni mia moja, 5,761,455, ambayo ni sahihi. Mwaka 1885 alifika bilioni moja, akachapisha 50,847,478. Idadi ya kweli ni 50,847,534, kwa hiyo alipungukiwa na 56. Miongo mingi baadaye D. H. Lehmer, mwana wa yule wa orodha ya mwaka 1914, aliirahisisha njia ya Meissel kwa ajili ya kompyuta na mwaka 1959 akachapisha idadi ya hadi bilioni kumi, 455,052,512. Ilizidi kwa moja. Meissel alifanya kazi kwa mkono na Lehmer kwa mashine, lakini wote wawili walikuwa wakihesabu bila orodha ya kulinganisha, na katika ukubwa huo pengo la 56, au la 1, halina namna ya kujitangaza lenyewe.

Ingizo la saba: makadirio

Kihesabu kinapotoa jibu, ni vizuri kuwa na kadirio la haraka linalosema kama jibu hilo lina mantiki. Kadirio jepesi zaidi ni ukomo uliogawanywa kwa logi yake asilia. Kwa milioni linatoa 72,382, pungufu ya idadi ya kweli kwa karibu asilimia 8. Hilo linatosha kunasa kosa kubwa, kama vile kuisahau nusu ya safu, na halisaidii lolote zaidi.

Legendre alipendekeza kupunguza 1.08366 kutoka kwenye logi kabla ya kugawanya, na kwa milioni pendekezo lake linatoa 78,543, ziada ya 45 tu. Gauss alitumia njia nyingine: kwa kuwa karibu na namba *x* sehemu ya namba zilizo tasa ni takriban moja juu ya logi ya *x*, alijumlisha sehemu hizo kwa kuzikusanya kama eneo chini ya mchirizo. Kwa milioni njia ya Gauss inatoa karibu 78,628, ziada ya takriban 130. Mtu anayeishia milioni atamtangaza Legendre mshindi. Nilikisogeza kihesabu ngazi moja juu kwa ajili ya swali hili pekee: hadi milioni kumi idadi ya kweli ni 664,579, Legendre anatoa 665,140 na Gauss karibu 664,918. Ziada ya kwanza ni 561 na ya pili 339. Ile 1.08366 ilichaguliwa ili ilingane na majedwali ya wakati wake, na inafaa pale yalipoishia. Nje ya hapo inapotea.

Ukweli wenyewe, kwamba uwiano wa idadi ya kweli na kadirio la logi hukaribia 1 kadiri ukomo unavyokua, ulithibitishwa mwaka 1896 na Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin, kila mmoja kivyake.

Ingizo la nane: kitambuzi cha haraka

Kwa namba kubwa kugawanya hakufai, kwa hiyo nimejaribu kipimo kinachotokana na Fermat: ikiwa *p* ni tasa na haigawanyi 2, basi 2 ikipandishwa hadi kipeo cha *p* − 1 na kugawanywa kwa *p* hubaki 1. Namba isiyotii si tasa bila shaka. Tatizo ni kwamba baadhi ya zisizo tasa hutii pia. Ya kwanza ni 341, ambayo ni 11 × 31: kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024, na 1,024 ni 3 × 341 + 1, vipeo vyote vinavyogawanyika kwa 10, kikiwemo 340, hubaki 1. Chini ya 1,000 zipo tatu za namna hiyo, 341, 561 na 645, na chini ya milioni zipo 245. Ukilinganisha na namba tasa 78,498, ni chache sana. Lakini kitambuzi kinachokosea mara 245 hakiwezi kuitwa kitambuzi.

Kipimo kilichokazwa, ambacho hufuatilia pia namna 1 inavyofikiwa kwa hatua za kuzidisha mara mbili kipeo, hupunguza waongo hao hadi 46, wa kwanza akiwa 2,047, ambayo ni 23 × 89. Kikifanywa kwa 2 na kisha kwa 3, namba ndogo kuliko zote inayovidanganya vipimo vyote viwili kwa pamoja ni 1,373,653, yaani 829 × 1,657. Ndani ya mipaka ya mradi huu, kwa hiyo, vipimo viwili vinatoa jibu la uhakika, si la uwezekano. Nimelinganisha majibu yake na ya chekeche kwa kila namba hadi milioni, na hayatofautiani popote. Hata hivyo sitakitumia kama chombo cha kazi: kwa namba ndogo, kuangalia nafasi moja katika safu iliyokwisha kuchekechwa ni haraka zaidi kuliko kupandisha vipeo.

Ingizo la tisa: hesabu za pembeni

Kwa kuwa safu ipo, nimeipitia kwa maswali mengine. Jozi za namba tasa zinazotofautiana kwa 2, kama 17 na 19, ni 8 hadi 100, 35 hadi 1,000, 205 hadi 10,000, 1,224 hadi 100,000 na 8,169 hadi milioni. Kwa tarakimu ya mwisho, ukiziacha 2 na 5, tasa zilizo chini ya 1,000 zinaishia na 1 mara 40, na 3 mara 42, na 7 mara 46, na 9 mara 38.

Swali lililonishika zaidi ni la kugawanya kwa 4. Namba tasa zilizo witiri hubaki ama 1 ama 3, na kwa masafa marefu makundi hayo mawili hulingana. Hadi 100, hata hivyo, zinazobaki 1 ni 11 na zinazobaki 3 ni 13. Hadi 1,000 ni 80 dhidi ya 87. Kundi la 3 linaongoza, au makundi yanalingana, kwa muda mrefu ajabu. Kundi la 1 linatangulia kwa mara ya kwanza kwenye 26,861, na uongozi wake unakoma papo hapo, kwa sababu 26,863 ni tasa inayobaki 3 na makundi yanakuwa sawa tena. Baada ya hapo kundi la 1 haliongozi mpaka 616,841. Aliyesimamisha uchunguzi wake kwenye 20,000 angekuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kundi la 3 huwa halipitwi.

Ingizo la kumi: kinachofuata

Safu ya milioni imehifadhiwa pamoja na idadi na jumla ya kila ngazi. Hatua inayofuata ni chekeche la vipande, litakalofika bilioni moja bila kuiweka bilioni nzima katika kumbukumbu: kila kipande kinachekechwa peke yake kwa namba tasa 3,401 zilizo chini ya kipeuo cha pili cha bilioni, kisha kinahesabiwa na kuachwa. Ugumu uko kwenye mpaka wa vipande, ambako kwa kila tasa lazima ipatikane nafasi ya kigawe chake cha kwanza ndani ya kipande kipya. Jaribio la kwanza litakuwa kipande kinachoanzia 999,900 na kuishia 1,000,100, ambamo 999,983 na 1,000,003 zinapaswa kutokea zikifuatana bila tasa nyingine katikati, na kihesabu cha Legendre kitatumika tena kuikagua 50,847,534.